Jiwe la nahodha wa Masindi Port

Leo kamati yetu ya hapa Masindi Port, Uganda, imekubaliana kwamba ukumbusho wa nahodha wa stima hautakuwa wa chuma. Mzee alitamka "Robert Coryndon", na ubishi ukaisha. Meli hiyo iliundwa na kampuni ya Thornycroft kule Uingereza mwaka 1930, ikahudumu Ziwa Albert, ikazama Butiaba mwaka 1964. Ikabaki pale ikila kutu miaka na miaka, mwishowe watu wa vyuma chakavu wakaikatakata ikaisha. Meli nzima! Kibao cha bati kingemaliza wiki? Basi ni jiwe na saruji.

Nahodha mwenyewe ni marehemu baba yake Mzee. Jina lake silitaji hapa. Acha jiwe lilitaje kwanza. Alifanya kazi enzi ambazo abiria walitoka Jinja kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1912, wakafika Namasagali, wakapanda stima na kukata Ziwa Kyoga hadi hapa Masindi Port. Kutoka hapa Nile inaelekea Karuma kwenye maporomoko, stima haipiti. Wakashuka, wakaenda Masindi kwa gari, wakateremka Butiaba kupanda meli nyingine ya kwenda Pakwach, Nimule au Kongo.

Stima za Kyoga ziliitwa Speke, Grant na Stanley, majina ya wavumbuzi wa Kizungu. Speke ana mnara Jinja, ana barabara na hoteli Kampala. Aliyeshika usukani wa stima hana hata kigae, na hilo linanikera kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya kamati.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kyoga ni ziwa lenye kina kifupi, ndiyo maana stima zilisukumwa na gurudumu la makasia nyuma na hazikuzama sana majini. Adui alikuwa mafunjo. Kisiwa kizima hung'oka, upepo hukisukuma, na njia uliyopita asubuhi unaikuta jioni imezibwa. Ramani haikusaidii. "Baba alikuwa ananusa," Mzee alituambia. "Mafunjo yaliyong'oka yananuka tope, unayajua hata usiku." Nimeomba maneno hayo yachongwe kwenye jiwe kama yalivyo.

Kijana mmoja akataka tumtaje pia Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, eti watalii watakuja. Kweli, Januari 1954 ndege yake ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, mashua ikamchukua hadi Butiaba, akapanda ndege nyingine nayo ikawaka moto. Nikamuuliza kijana: aliyeendesha ile mashua alikuwa nani? Kimya. Hemingway tumemwacha, watu wa Masindi mjini wanatosha kumkumbuka.

Kilichotuchelewesha ni mahali. Wengi tulipenda pale wanapongojea feri ya kwenda Kungu, watu waone. Mzee akakataa katakata. Mvua za 1961 na 1962 zilipandisha maji, magati yakaharibika, na safari za stima zikafa. Akatuongoza kupanda kutoka ukingoni, pole pole, mpaka kwenye mwembe mmoja, akachomeka fimbo. "Maji yalifika hapa. Jengeni juu ya hapa."

Tatizo ni kwamba mwembe uko shambani kwa mama mmoja. Tumemfuata jioni hii hii. Amekubali, ila tusimzuie kupanda mihogo hadi miguuni mwa jiwe. Mzee akamjibu kabla yetu: "Panda, mama."