Sayari niliyoipa jina leo

Leo nimetua kwenye sayari ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuigundua. Nikaipa jina mwenyewe.

Ni ndani ya No Man's Sky. Gemu hili lilisubiriwa kwa hamu kubwa mno, na lilipotoka Agosti 2016 mashabiki wakagawanyika. Wengine walizama humo mpaka alfajiri. Wengine walitaka warudishiwe pesa zao, hasa baada ya wachezaji wawili kufika sehemu ileile na wasionane kabisa. Nawaelewa. Uchezaji wa pamoja hasa ulikuja na sasisho la 2018.

Sayari ni zaidi ya trilioni milioni 18, zote zinatungwa na hesabu za kompyuta. Wanaosema baada ya muda zinaanza kufanana wana hoja.

Lakini leo!

Mvua ya sumu, majani mekundu, na mnyama mrefu wa miguu sita akipita taratibu mbele yangu. Akasimama. Akageuza shingo.

Hakuna mtu aliyemchora yule. Nilisisimka mwili mzima, na bado sijatulia.

Nyie mlioicheza, iliwagusa au iliwachosha? Nambieni, nataka kusikia pande zote.