Muwasho wa mama ulivyopata jina

Mama alianza kwa kujikuna tu, mapaja kwanza, baadae tumbo na mikono, usiku halali. Ameshapita miaka 75, kwahiyo kila tunapompeleka tunaambiwa ngozi ya uzee hiyo, mpakeni mafuta, pengine tunapewa dawa ya upele tunapaka nyumba nzima mpaka wajukuu na muwasho uko palepale. Miezi ikaisha hivyo, ndo malengelenge yakatoka.

Yaani sio yale ya kuungua na uji yanayopasuka ukiyagusa tu, haya magumu, yamejaa maji, unabonyeza hayapasuki. Jirani akasema mkanda wa jeshi, shangazi akasema mama kachezewa. Mkanda wa jeshi naujua, unashika upande mmoja, mama alikuwa nayo pande zote. Hospitali moja wakakata lengelenge lenyewe wakapeleka maabara, majibu hayakusema kitu.

Tukampeleka hospitali ya KCMC Moshi, wana kituo cha magonjwa ya ngozi pale. Daktari binti tu, akasema "shikamoo bibi", akauliza kilianza nini, muwasho au malengelenge? Mama akajibu "muwasho mwanangu, tena zamani." Akasugua kwa kidole ngozi ya pembeni, haikubanduka, akamulika mdomoni, hamna kidonda. Akasema ingekuwa pemfigasi, ugonjwa mwingine wa malengelenge, yangekuwa laini, ngozi inabanduka na mdomo mara nyingi unachubuka. Akataka kuona dawa zote anazokunywa, nikamwaga mfuko mezani, akaishika ya sukari, vildagliptini, kumbe dawa za jamii hiyo zinaweza kuamsha ugonjwa aliokuwa anaushuku, pemfigoidi!

Akakata vipande viwili, kimoja ukingoni mwa lengelenge kikaenda kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, cha pili ngozi nzima ya pembeni yake, hicho akasema kikigusa formalini kimeharibika, kinawekwa kwenye maji yake maalum. Akasema kwenye ugonjwa huo kinga ya mwili inashambulia protini zinazoshikanisha ngozi ya juu na ya chini, na kipimo kinaonyesha mstari unaong'aa hapo katikati, ila kwenye lengelenge lenyewe mstari unaweza usionekane. Jamani, miezi yote ile mama anateseka na jibu lilikuwa kwenye ngozi ya pembeni!

Majibu: pemfigoidi kweli. Dawa ya sukari ikabadilishwa, akapewa krimu ya klobetasoli ya kupaka mwili mzima hata pasipo na lengelenge, vidonge vya predinisoloni daktari akavikwepa maana vinapandisha sukari. Muwasho ukapungua, mapya yakaacha kutoka, mama akarudi kulala usiku, na krimu tukaendelea kuipunguza taratibu kama tulivyoelekezwa.