Kisanduku cha Swali la Tisa

Machi 2010 nilikuwa na mwaka wa tatu Columbus, Ohio, nikifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi moja, usingizi ndio kwanza umekolea, mlango ukagongwa. Nikamkuta mzee wa ghorofa ya chini, kofia kichwani, bahasha mkononi, na nyuma yake mjukuu wake wa miaka kumi hivi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Serikali imeleta barua. Huyu anaisoma vizuri, ila maana yake haijui."

Mzee huyu tulifahamiana kwa namna ambayo mpaka leo nikiisimulia watu hudhani natia chumvi. Majira ya baridi ya kwanza nilimsikia ngazini akimkaripia mtoto kwa Kizigua. Nilisimama na mifuko yangu ya sokoni, nikadhani usingizi umenichanganya. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Yeye kazaliwa bonde la Mto Juba, Somalia, na Tanga hajawahi kuikanyaga. Mababu zake walipakiwa majahazini karne ya 19, wakauzwa utumwani pwani ya Somalia. Waliotoroka wakajificha kwenye misitu ya kando ya mto, wakabaki na lugha yao. Kizigua chake kilikuwa na maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi mzaa mama.

Nikaweka chai, tukafungua karatasi. Ilikuwa fomu ya sensa, maswali kumi. Ya mwanzo yalikwenda haraka: mnaishi wangapi, nyumba ni ya kupanga au ya kwenu, majina, umri. Swali la nane likauliza kama mtu ana asili ya Kihispania. Mzee akanitazama.

"Sisi tuna damu ya Wahispania?"

"Hapana, babu."

"Basi kwa nini wanatuuliza?"

Nikamwambia tuendelee.

Swali la tisa lilikuwa la rangi. Kisanduku cha kwanza cha Weupe, cha pili kina majina matatu kwa mpigo: Mweusi, Mmarekani Mweusi, au Negro. Mjukuu alisoma mawili, akanyamaza.

"La tatu je?" akauliza babu yake.

"Shuleni hatulisemi."

Mzee akanigeukia mimi. Nikajaribu kueleza kwamba zamani lilikuwa neno la kawaida, kisha likachakaa, likawa la kudharauliana. Akanikatiza. "Ni kama *adoon*?"

Adoon ni mtumwa kwa Kisomali, na ndivyo watu wa kwao walivyokuwa wakiitwa. Nikasema linakaribia. (Miaka mitatu baadaye idara ya sensa ilitangaza kuliondoa neno hilo. Siku ile lilikuwepo, kwa wino, mezani pangu.) Mzee akazungusha kikombe kidogo.

"Na yule Msomali wa dukani, wa nywele laini, yeye anatia alama wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapo nilipo mimi?"

"Hapo hapo, babu."

Akacheka mpaka akapaliwa na chai. Kwao yeye alikuwa *jareer*, mwenye nywele ngumu, na kwa nywele hizo hakuna ambaye angemwoza binti. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, wakaja watu wa mashirika wakamwita Mbantu, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Na sasa karatasi ya Marekani inamweka kisanduku kimoja na mwenye duka, tena bila kumwuliza mwenye duka anaonaje! Alitaka niisome tena, ahakikishe.

Mimi nilikuwa nimekuja Marekani na maneno yangu tayari: hawa watu wamezidi, kila kitu rangi. Kwetu sensa haijauliza kabila tangu 1967, na nilikuwa nikilitaja hilo kwa majivuno. Niliwahi kulitaja kazini, mbele ya mama mmoja mweusi mzaliwa wa Alabama, muda mfupi kabla ya fomu zile kutoka. Akaweka chini shuka alilokuwa akilikunja. Bibi yake, alisema, hakupiga kura mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ilipopita mwaka 1965, na hesabu hizo hizo ninazozicheka ndizo zinazopelekwa mahakamani mtu anapotaka kuonyesha kwamba mipaka ya jimbo imechorwa kuwapunja weusi. "Wasipotuhesabu, nani atajua tumepunjwa?" Sikumjibu. Bado naona wanazidisha, siku nyingine. Ila tangu hapo silisemi nikiwa na uhakika ule.

Tukajaza. Nyumba ya mzee ilikuwa na watu tisa, na fomu ile ilikuwa na nafasi kamili za watu sita tu. Kuanzia wa saba, ukurasa wa nyuma ulitaka jina, jinsia, umri na undugu, basi. Hakuna rangi. Mjukuu alikuwa wa nane.

"Mimi mbona sijawekewa alama?"

"Nafasi imekwisha," nikamwambia.

Hakuridhika. Alichukua fomu akaigeuza mbele na nyuma, akitafuta. Babu yake akainyakua, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi.

Mwanzoni mwa Aprili zikatoka habari kwamba Obama, ambaye mama yake alikuwa Mzungu wa Kansas, alitia alama kisanduku kimoja tu, kile cha Weusi, ingawa sheria ilimruhusu kutia zaidi. Yule mtoto alipanda ngazi mbio kuja kunigongea. Nilikuwa nimelala, kama kawaida.

"Babu yuko na rais," alisema, pumzi juu juu. "Baba yuko na rais. Hata yule wa dukani. Mimi tu!"