Waona kitu?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumatano nilimfokea mdogo wangu kwenye simu. Kosa lenyewe dogo tu, alichelewa kunipa jibu, nami nikamporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, dada," akakata. Baada ya saa moja nilikuwa nimefumba macho naongoza maombi ya kikundi, sauti laini kama si mimi.

Hasira hiyo si ngeni kwangu. Nilishasimama mbele ya watu nikashuhudia kwamba Bwana ameing'oa, na makofi yakapigwa.

Tangu hapo nimekwama kwa yule kipofu wa Bethsaida, katika Marko 8. Ni Marko peke yake anayesimulia habari zake. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamwuliza kama anaona kitu. Naye anajibu: "Naona watu kama miti, inakwenda." Jibu hilo nalipenda mno! Angekuwa mmoja wetu angesema, "Amina, naona!" na kuondoka na ushuhuda wake, huku akiwagonga watu njiani. Yeye alisema alichokiona, na mikono ikawekwa juu ya macho yake mara ya pili, akaona vyote waziwazi.

Hapa mniwie radhi, nitasema kwa ukali, na fimbo inaanzia mgongoni mwangu. Siku tuliyookoka tunaikumbuka mpaka saa. Lakini mtu akuulize wiki hii Bwana amegusa nini ndani yako, unabaki kukodoa macho. Tumejua nyimbo, tumejua mistari, tumejua hata mahali pa kulia katika maombi, na bado aliye karibu nasi tunamwona kama mti: kitu kinachotembea, kinachofaa kikitupa kivuli na kinachoudhi kikituzibia njia. Mdogo wangu Jumatano alikuwa mti. Wewe wako ni nani? Mwenzako wa ndoa? Mzazi aliyezeeka anayerudia swali lile lile? Yule anayefagia kanisa, ambaye jina lake hujawahi kuliuliza? Usiseme "naona" kwa sababu watu wanasubiri useme hivyo. Anayekuuliza ndiye aliyekushika mkono akakutoa nje ya kijiji, na hapo nje hakuna wa kukupigia makofi.

Petro naye, mistari michache tu baadaye, anamkiri Kristo, na kabla mate hayajamkauka kinywani anakemewa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Tungedhani Pentekoste, siku Roho Mtakatifu aliposhuka, ilimaliza yote. Lakini Wagalatia 2 inamwonyesha Petro akiwa mjini Antiokia, akiondoka mezani kwa watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuogopa macho ya wenzake, hadi Paulo akampinga uso kwa uso. Na waraka wa pili wenye jina la Petro huyo huyo unafunga kwa kutuagiza tukue katika neema. Warumi 12:2 nayo, ile ya kugeuzwa kwa kufanywa upya nia zetu, mnaijua.

Jana nilimpigia mdogo wangu. Sikutanguliza "Bwana asifiwe." Nilimwomba msamaha, akanyamaza kama siku ile, kisha akasema, "Dada, hii si mara ya kwanza." Nilianza kujitetea, nikajikamata katikati ya sentensi. Amesema tutazungumza vizuri Jumapili. Niombeeni nimsikilize mpaka amalize.