Kabla dalali hajafika

Wifi yangu alinipigia simu usiku, kwa sauti ya chini ili kaka asisikie. Akaniambia kuna barua za benki zimefichwa stoo, ndani ya gunia la chakula cha kuku, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Jumamosi nilipanda matatu ya Kangundo Road nikateremka Kamulu.

Kaka yangu anafuga kuku wa mayai kwenye eka moja na nusu, na shamba hilo ndilo dhamana ya mkopo wa milioni 1.8 uliojenga banda na kuchimba kisima. Riba ya mkopo wenyewe ni ya kupanda na kushuka. Benki Kuu ya Kenya ilipofikisha riba yake ya msingi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, malipo ya kaka ya kila mwezi yalipanda, huku chakula cha kuku kikiwa ghali na mayai kutoka Uganda yakiuzwa rahisi kuliko yake. Naeleza hivi kwa sababu wapo jamaa waliosema ni uvivu. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kusafisha banda hafilisiki kwa uvivu.

Tulimwaga barua zote mezani tukazipanga kwa tarehe. Wifi alisoma kwa sauti, mimi nikiandika daftarini: imeandikwa lini, wanadai kiasi gani, wametoa siku ngapi. Kaka alikaa pembeni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Tulipofika kwenye notisi ya miezi 3 ndipo aliposogeza kiti. Yeye aliamini tayari wameshauza. Kumbe muda wa ile notisi ulikuwa bado haujaisha, na kwa wiki nyingi alikuwa akilala bila usingizi akimngoja dalali ambaye hata hajatumwa.

Haya nitakayosema tuliyathibitisha kwa wakili, na natamani kila mkulima mwenye hati benki ayajue. Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kuamka tu na kuuza shamba. Lazima kwanza uwe umepitisha mwezi mzima bila kulipa, ndipo akupe notisi inayotaja kiasi cha kulipa na muda usiopungua miezi 3. Muda huo ukipita, inakuja notisi ya kuuza, siku zisizopungua 40. Dalali naye ana kanuni zake: akupe siku 45 za kukomboa mali, kisha atangaze gazetini, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumlisha uone, ni zaidi ya nusu mwaka. Muda wote huo, mpaka nyundo igongwe, unaweza kulipa ukachukua shamba lako. Kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume lazima awe aliridhia iwekwe rehani. Na shamba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, sheria inachukulia kuwa muuzaji amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Hata riba ina mpaka. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishaharibika, yaani haulipwi tena inavyotakiwa, riba itakayodaiwa kuanzia hapo isizidi salio la mkopo lililokuwapo siku hiyo.

Asiye na pesa za wakili aende Kituo cha Sheria, ambacho tangu 1973 kimekuwa kikiwashauri wasiojiweza hapa Nairobi bila malipo. Ipo pia huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Lakini sheria hununua muda tu. Pesa zilikuwa bandani, na hapo ndipo nilipomsumbua kaka sana. Kuku 500 hula kilo 60 hivi kwa siku. Kwa shilingi 50 kilo, hizo ni 3,000. Wakitaga vizuri, mayai 400, unapata kreti 13. Kwa shilingi 320 kila kreti ni 4,160. Lakini hawa walikuwa wamezeeka. Walitaga 300, kreti 10, shilingi 3,200, na chakula walikula kilekile. Zilibaki 200 za dawa, umeme wa pampu, mshahara wa kijana na benki. Kila siku aliyowafuga ilimwongezea deni. Ilimuuma, maana aliwalea tangu vifaranga, lakini wazee wote waliuzwa kwa wachuuzi wa soko la Burma, Nairobi, na pesa zikaenda benki moja kwa moja.

Benki tulikwenda watatu. Hatukwenda kulia. Tulibeba karatasi moja: mapato ya kweli, matumizi ya kweli, na kiasi anachoweza kulipa kila mwezi bila kukopa kwingine. Hilo la kukopa kwingine nalisisitiza, kwa sababu alishaanza kulipa benki kwa mikopo ya simu, na hiyo humaliza mtu haraka kuliko benki yenyewe. Ofisa alisoma ile karatasi, akauliza maswali magumu, akatuambia tulete rekodi za mauzo. Baada ya kwenda na kurudi walikubali kurefusha muda wa mkopo na kupunguza malipo ya mwezi. Yote yaliandikwa na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo kaunta msiihesabu.

Tulikuwa tumejiandaa pia kuuza nusu eka wenyewe, benki ikiridhia, maana anayeuza kwa hiari hupata bei ambayo mnada hautoi. Haijahitajika bado. Yupo mtu aliyekuja na pesa taslimu akitaka shamba zima "awasaidie", kwa bei ya kuchekesha. Watu hao hunusa notisi. Akija kwako, mwambie atume barua kwa wakili wako.

Sasa kuna kuku 250 wachanga, wanaanza kutaga. Daftari analishika wifi, na barua ya benki ikifika hufunguliwa siku hiyohiyo, mbele ya wote wawili. Malipo ya mwezi huu yamekwenda. Ya mwezi ujao yanategemea bei ya mayai shule zikifungwa, na hilo tumeshamwambia ofisa mapema.