Mkanda ulikauka, moto ukabaki

Mimi ni fundi cherehani, hapa Tanga, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naogopa kuvaa shati.

Ilianza kama kichomi. Upande wa kushoto, chini ya chuchu, kikizunguka hadi mgongoni. Nilikuwa na miaka 59, nikajua huu ni moyo. Siku tatu nikameza dawa za maumivu za dukani, na siku ya nne asubuhi mke wangu, ananipaka mafuta mgongoni, mkono ukasita. "Baba, hapa pana malengelenge." Yamejipanga kama shanga kwenye uzi. Mkanda wa jeshi.

Kila aliyesikia alikuja na lake. Jirani mmoja akanionya kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, mtu haoni kesho. Mwingine alinitazama kwa lile jicho la miaka ya tisini, wakati mkanda wa jeshi na ukimwi vikitajwa pamoja. Nilipima, sikuwa na maambukizi. (Ukipata mkanda kapime tu, usione aibu. Huibuka kinga ikishuka, na hata uzee peke yake hushusha kinga.) Hilo la kukutana ni uzushi. Kila mshipa wa fahamu unahudumia upande mmoja wa mwili, na ukifika katikati ya kifua eneo lake limekwisha.

Kosa langu mimi lilikuwa kupaka majani ya kusaga siku tano kwanza. Hospitalini nikapewa asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi cha mkanda, nikaambiwa kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze. Nikaambiwa pia kuwa kirusi chenyewe ni kilekile cha tetekuwanga niliyougua utotoni. Hakikuondoka. Kilijilaza kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, miaka hamsini, kikisubiri.

Wiki ya nne vidonda vikakauka. Watu wakaniambia hongera, umepona. Nami nikarudi kwenye cherehani, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Nieleze vipi? Kulikuwa na moto usiozimika chini ya makovu, na mara kwa mara shoti, kama waya wa umeme umegusa ubavu. Lakini kilichonichanganya zaidi ni nguo. Siku moja nilichukua pini nikajichoma taratibu katikati ya kovu: ganzi, kimya kabisa, kama nachoma mkeka. Nikashusha shati la tetroni, upindo wake ukapita palepale, nikaruka nikaangusha kiti. Pini haiumi, shati linaumiza! Feni ya dukani nikaizima, wateja wakalalamika joto. Upepo wa kaskazi ukivuma barazani naingia ndani.

Miezi mitatu nilizunguka na diklofenaki, za vidonge na za sindano. Nilichopata ni kiungulia. Kijana mmoja kwenye zahanati aliinua picha ya kifua juani akasema, "Mzee, picha safi, huna kitu." Nilirudi nyumbani nikiwa najishuku mwenyewe.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja wa kike, rika la binti yangu. Aliniamkia shikamoo, akaniuliza kazi yangu, kisha akachukua kipande cha pamba na njiti ya kibiriti. Njiti akanichoma nayo: sisikii. Pamba akaipitisha kama unyoya: nikamshika mkono. Akasema, "Baba, hii si ngozi wala moyo. Ni mshipa wenyewe ulioumia, na muda umeshapita miezi mitatu, kwa hiyo tunauita ugonjwa wake peke yake sasa."

Alinieleza, nami nikaitafsiri kwa lugha ya karakana. Cherehani ya umeme, pedeli ikiharibika, unaondoa mguu na mashine inaendelea kukimbia. Mshipa ulioliwa na kirusi hufanya hivyo: hautumi habari ya kitu chochote kilichotokea, unajifyatukia wenyewe. Na ukipiga kelele usiku na mchana, uti wa mgongo nao hubadilika. Zile seli ambazo kazi yake ni kutuliza huzidiwa, na mlango uliokuwa wa mguso wa kawaida unaanza kusomwa kama maumivu. Ndiyo maana shati. Na diklofenaki haiwezi kitu, kwa sababu inatibu uvimbe na uvimbe ulishaisha.

Nikamuuliza lililokuwa rohoni: mbona rafiki yangu tuliyesoma naye alipata mkanda akiwa na miaka 30 na katika wiki tatu alikuwa anacheza bao? Akanijibu kwa vidole. Umri kwanza, maana ukivuka 50 hatari inapanda, na ukivuka 60 inapanda zaidi. Pili, maumivu makali kabla ya malengelenge na wakati wake, kama kile kichomi changu. Tatu, malengelenge mengi, dalili kwamba mshipa umeliwa sana. Zote tatu ninazo. Hata hivyo, alisema, madaktari hufanya upasuaji uleule kwa watu wawili, mshipa ukaguswa kwa wote, mmoja akaondoka salama na mwingine akabaki na moto. Nikamkumbuka dada yangu mwenye kisukari: alikanyaga msumari akatembea nao hadi jioni, hana habari. Jirani yake, kisukari hichohicho, halali kwa miguu kuwaka. Mshipa ukiharibika unaweza kunyamaza, unaweza kupayuka. Wangu ulifanya yote mawili.

Nikaandikiwa amitriptilini, nusu kidonge cha miligramu 25 usiku. Mpwa wangu akaitazama kwenye simu. "Mjomba, hii ni dawa ya sonona." Nikaona nimetukanwa, nikaiacha wiki mbili. Niliporudi kulalamika, daktari hakukasirika. Akasema dawa hiyohiyo huongeza nguvu ya breki za maumivu kwenye uti wa mgongo, kwa kipimo kidogo kuliko cha sonona, na nisitegemee kitu kabla ya wiki tatu au nne.

Ilinikausha mdomo. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo, lakini fundi hutunga uzi kwa mate, na mimi sikuwa nayo. Niliweka kikombe cha maji pembeni ya mashine nikachovya uzi kama mwanafunzi. Wiki ya tano nililala usiku mzima. Baadaye akaongeza gabapentini, kidogo kidogo.

Mpwa wangu yuleyule ndiye aliyesoma kwamba ipo dawa ya kupaka ya pilipili, na kwamba mwaka 2021 Mmarekani David Julius alipewa Nobeli kwa kugundua kipokezi kwenye mishipa ya fahamu kinachoitikia pilipili, na moto pia, kilekile kimoja. Nilicheka. Kiswahili kilishatwambia zamani: pilipili huwasha. (Usijipake ya sokoni. Jirani alinishauri, na nashukuru sikumsikiliza.)

Lililobaki nililigundua mwenyewe. Kinachouma ni mguso mwepesi, ule wa kupita, kuliko wa kukandamiza. Nikaanza kujifunga kanga ya zamani, laini kwa kufuliwa, ikibana ubavu, ndipo shati juu yake. Shati likisugua linasugua kanga.

Huu ni mwaka wa tatu. Moto upo, lakini siku nyingi ni makaa. Kanzu ya Idi nilijishonea, upande wa kushoto nikaweka bitana ya pamba hadi kiunoni, upande wa kulia nikaacha. Mke wangu anasema inainama. Kweli inainama, na nilisali nayo hadi mwisho wa hotuba.