Fomu za Kwale Nilizozifuata Nagasaki

"Hizi karatasi zenu huwa mnazipeleka wapi?"

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Kwale, pwani ya Kenya, mimi nimekaa kwenye mkeka wake chini ya mwembe, fomu juu ya goti. Nikamjibu kwamba zinakwenda Nairobi, kisha nyingine Japani. Akaangua kicheko. "Mbali kote huko, kwa ajili ya mikojo ya wajukuu wangu?"

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kituo chake cha utafiti Nairobi tangu 2005, kwa ushirikiano na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na nyanjani kinafanya kazi Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na huku kwetu Kwale. Sisi wa nyanjani tulipita nyumba kwa nyumba tukiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani katangulia mbele ya haki. Kwa watoto tulikusanya vichupa vya mikojo kutafuta mayai ya kichocho. Nilipopata nafasi ya mafunzo ya muda mfupi huko Nagasaki, nilijua swali la bibi nimelibeba begini pamoja na sweta.

Uwanja wa ndege wa Nagasaki uko kisiwani, ndani ya Ghuba ya Omura, kwa hiyo ndege inashuka huku unaona maji tu, na moyo unakuenda mbio. Mji wenyewe umepanda vilima. Nyumba zimebebana hadi juu, na ngazi za kuzifikia zingewachosha hata wapagazi wa Lamu. Bondeni inapita tramu, kimya, na mimi nilishukia kituo kiitwacho Daigaku Byoin, yaani hospitali ya chuo kikuu.

Mwenyeji wangu alikuwa profesa mzee ambaye kila mtu alimwita Sensei. Neno hilo humwendea mwalimu na daktari pia, na nililipenda, maana linafanana na heshima tunayompa mtu kwa kumwita "mwalimu" hata akiwa amestaafu zamani. Kabla ya maabara alinipeleka kwenye nguzo mbili za mawe, lango la zamani la chuo cha udaktari. Moja imeinama. Hawakuinyoosha.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya bonde la Urakami, umbali wa kutembea dakika chache tu kutoka hapo. Madarasa yalikuwa ya mbao, na wanafunzi walikuwa ndani wakimsikiliza mhadhiri. Chuo kilipoteza karibu watu 900, wanafunzi, walimu na wauguzi. Ndicho chuo ambacho mizizi yake ni masomo aliyoanzisha daktari Mholanzi, Pompe van Meerdervoort, mwaka 1857, kikongwe kuliko vyote vya udaktari wa Kimagharibi nchini humo.

Kilichonikalisha kitako ni habari ya waliobaki. Profesa wa upasuaji, Raisuke Shirabe, aliponea chupuchupu. Kabla mwaka ule haujaisha, aliwakusanya wanafunzi walionusurika, akawapa fomu, wakaanza kuzunguka kwenye magofu wakiuliza: ulikuwa wapi lilipolipuka? Ndani au nje? Nywele zilianza kunyonyoka lini? Nani wa nyumbani kwako amekufa, na siku gani? Walipata habari za watu wapatao 8,000.

Nilimtazama Sensei nisiseme kitu. Mimi nimewahi kulalamika kwa sababu ya jua la Kwale na mbwa wakali.

Mwenzake Shirabe, Takashi Nagai, alikuwa daktari wa eksirei. Tayari alikuwa na saratani ya damu kutokana na mionzi ya mashine zake alipokuwa akipima watu kifua kikuu. Bomu lilimkuta mgonjwa, likamuua mkewe, naye akatibu majeruhi hadi nguvu zikamwishia. Alifariki mwaka 1951. Kibanda chake, ambacho sakafu yake inatosha mikeka miwili tu ya Kijapani, bado kipo, na kwa udogo wake, jiko la nyumbani kwetu ni kubwa zaidi.

Halafu kuna upande ambao Sensei hakuuficha. Mwaka 1948 Wamarekani nao walifungua ofisi Nagasaki ya kuwachunguza manusura. Utafiti huo, ambao tangu 1975 unaendeshwa na Wajapani na Wamarekani kwa pamoja, ndio uliotufundisha kwamba saratani ya damu hutangulia, miaka michache baada ya mionzi, na saratani nyingine hufuata baada ya miaka mingi. Dunia nzima inautegemea inapoweka kipimo cha mionzi ambacho mfanyakazi wa eksirei hatakiwi kukizidi. Lakini manusura wengi walilalamika: mnatupima, hamtutibu. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi na kicheko chake.

Maabara zenyewe nitazipitia upesi, kwa kuwa friza ni friza. Unavua viatu, unavaa ndala za humo ndani, kila kichupa kina namba. Kilichonishangaza ni mazungumzo ya chai. Kumbe Wajapani nao walikuwa na kichocho chao, cha aina nyingine, kinachoharibu ini. Mwaka 1913 Keinosuke Miyairi, wa chuo kikuu cha jirani kule Fukuoka, aligundua konokono anayekibeba. Wakulima wakaokota konokono kwa mikono, mifereji ya mashamba ikasakafiwa kwa saruji, na katika bonde la Kofu ugonjwa ulitangazwa kuisha mwaka 1996. Miaka 83! Na mimi nilikuwa nikiwaahidi wanakijiji majibu ya mwaka kesho.

Siku ya mwisho, mwanafunzi mmoja alinifungulia ramani ya Kwale kwenye kompyuta, picha iliyopigwa kutoka angani. Kila nyumba ni nukta yenye tarakimu, bila jina. Nilifuata barabara kwa kidole, nikapita msikiti, nikafika kwenye kona. Nukta ilikuwa hapo, kando ya kivuli cha mwembe.

Usiku, saa tatu kwangu na saa tisa alasiri kwao, nilimpigia mjukuu wake, akampa bibi simu.

"Shikamoo bibi. Nimeziona fomu zinakokwenda. Hata nyumba yako nimeiona, na mwembe wako."

"Marahaba. Mwembe upi?"

"Ule wa uani."

"Huo tuliukata mwezi wa Ramadhani," akasema. "Waambie Wajapani waufute."